Jiko Lililopimwa kwa Shimo

Haya aliniambia Nesta, mdogo wake Eluned, mwaka juzi, tulipokuwa tunafuta viti vya kanisa kabla ya sikukuu ya mavuno. Alisimulia bila kuinua macho.

Eluned alikuwa mgonjwa wa kifua. Daktari alimwambia Idwal, mumewe, kwamba chumba kiwe na joto la kadiri na kisiwe na moshi, la sivyo mkewe hataumaliza msimu wa baridi. Meko yao yalikuwa ya kale, shimo la mawe ambalo kondoo wanne wangesimama ndani. Joto lote lilipanda na bomba la moshi, moshi wenyewe ukabaki nao. Idwal akaamua kutia jiko la chuma humo.

Fundi Gethin alipima chumba kwa futi kamba, akaonyesha jiko dogo.

"Hilo?" Idwal akasema. "Kwenye meko ya babu yangu litakuwa kama jino moja kinywani mwa kikongwe."

"Mzee, jiko linapimwa kwa chumba. Halipimwi kwa shimo."

"Wewe umezoea nyumba za mjini. Huku upepo unashuka mlimani."

Eluned alicheka mpaka akakohoa. "Chukua dogo, mzee wangu. Meko hayasikii baridi, nasikia mimi."

Lakini Idwal alitaka kumpa mkewe kilicho kikubwa. Hakujua kupenda kwa namna nyingine. Basi Gethin akafunga jiko kubwa lililolijaza shimo.

Likiwaka sawasawa, chumba kiligeuka tanuri. Idwal akawa anabana hewa ya jiko ili moto upungue. Kuni zikafuka tu, kioo kikawa cheusi, masizi mazito kama lami yakaganda ndani ya bomba, na moshi ukaanza kurudi chumbani, kidogo kidogo, kila siku.

"Idwal, fungua dirisha," Eluned akasema.

"Utapata baridi, mwenzangu."

"Baridi naijua. Moshi huu siujui."

Januari gari la wagonjwa likamchukua. Wakiwa mlangoni alimwambia mumewe, "Nikirudi nilikute lile dogo."

Siku ileile Idwal alimwita Gethin. Walilitoa kubwa, wakasugua bomba, wakaweka dogo. Shimo likabaki wazi pande zote, lakini Idwal hakulitazama. Alijaribu kukaa kwenye kiti cha Eluned, akanyoosha mkono. Joto lilifika pale, la kadiri. Kioo kilikuwa safi.

"Ndiyo hivyo sasa," Gethin akasema.

Kesho yake Nesta alitoka hospitali akaja kusimama mlangoni kwa Idwal, shali ya dada yake mkononi. Idwal akaipokea.

Baada ya mazishi watu walikunywa chai na mkate wa zabibu, wakaondoka mapema kwa sababu ya mvua. Nesta akabaki anaosha vikombe. Alimwona Idwal akitia gogo moja, kisha akaenda kufungua dirisha, ingawa hapakuwa na moshi. Akarudi kwenye kiti cha Eluned akiwa bado amevaa viatu vyake vya mazishi, na kabla kikombe cha mwisho hakijakauka, akapitiwa na usingizi.