Alama ya Daraja Jembamba

Siku ya tatu baada ya arobaini, Zuleha alikuwa uani kwao Nandagala akipepeta ufuta. Marehemu mumewe, Awadhi, akaingia na kuuliza mtihani wa leseni ni lini.

"Jumatano, Ruangwa," alisema Zuleha.

Mama mkwe, Bi Mwantumu, alimwambia mwanawe apite upande wa pili asije akaingiwa na vumbi machoni. Awadhi akapita.

Miaka tisa aliendesha bodaboda bila leseni, hadi alipotumbukia mtoni kwenye daraja jembamba la njia ya Ruangwa. Daraja hilo liko baada tu ya kona ukitokea Ruangwa, na hapakuwa na kibao. Pikipiki ilipona. Wenzake wa kijiweni walikubali Zuleha ashike nafasi yake, kwa sharti la leseni.

Kuendesha alikuweza. Kukariri ndiko kulimshinda: alama alizosoma jioni, asubuhi zilikuwa zimefutika.

Awadhi alimfundisha kila alasiri. Chai alikataa, alisema haipiti.

"Kabla ya safari kagua TUMBO," alisema, akijipiga tumboni. "Taa, upepo, mafuta, breki, oili. Utatokaje nyumbani ukaacha tumbo?"

Alama alizifanya kwa mikono. Aliizungusha mbele ya kifua kama aliyebeba ungo. "Duara ni mama. Anaamuru." Akaiinua juu ya kichwa, vidole vikagusana. "Pembetatu ni jirani. Anaonya tu, shauri yako."

"Nimesikia," alisema Bi Mwantumu kutoka jikoni.

Siku moja Zuleha alimuuliza kama aliumia sana.

"Sikuliona daraja," alijibu Awadhi. Kisha akamuuliza alama ya njia panda.

Jumatano, mtahini, Mwalimu Felisian, alimwonyesha Zuleha picha ya pembetatu yenye mistari miwili iliyobanana katikati.

"Daraja jembamba mbele. Punguza mwendo," alisema Zuleha. "Mbona letu halina kibao?"

Felisian aliweka alama ya vema. "Mama, mimi nauliza ya mtihani. Ya barabara yana wenyewe."

Alipata kumi na nane kati ya ishirini. Aliporudi na pikipiki, alimkuta Awadhi kabla ya kona, pembeni ya barabara, mikono juu ya kichwa, vidole vimegusana.

"Nimefaulu," alisema Zuleha. "Panda twende nyumbani."

"Hapa atabaki nani?"

Zuleha alitia gia. Kisha akaenda nyumbani, akamletea kizibao chake cha bodaboda, kile kinachong'aa kikipigwa na taa. Akamvalisha mwenyewe, kwa kuwa Awadhi hakutaka kushusha mikono yote miwili kwa pamoja.

Waendesha bodaboda walimzoea. Wakifika hapo hupunguza mwendo, hupiga honi moja ya salamu, huvuka. Tangu msimu wa korosho hajaanguka mtu.

Zuleha aliandika barua tatu kuomba kibao. Baada ya ile ya tatu alikuja mkaguzi wa barabara na fomu zake, na Zuleha ndiye aliyempakia. Mkaguzi alimtazama Awadhi, akapima kwa futi kamba kutoka miguuni pake hadi darajani, akapata mita hamsini na mbili. Mbele ya maneno "alama ya tahadhari" akaandika: ipo. Akafunga faili.

"Amesemaje?" aliuliza Awadhi.

"Amesema upo."

Awadhi akanyoosha mguu mmoja uliokufa ganzi, halafu wa pili, bila kushusha mikono.