Risasi Iliyochelewa Darasani

Kila Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Daktari Kemuma alifunga mlango wa darasa katika chuo kimoja pale Suna, Migori, akaanza somo la takwimu. Aliyechelewa alingoja nje mpaka kipindi kiishe, awe mtoto wa chifu au mgonjwa wa malaria. Wanafunzi walimchukia kwa hilo, na wakishahitimu walimsifu kwa hilo hilo.

Jumanne hiyo Clifford, kiongozi wa darasa, aliingia saa mbili na dakika tisa, macho yakimchuruzika kwa gesi ya kutoa machozi. Alikuwa ametoka langoni mwa chuo, ambako wanafunzi walikuwa wakidai alama zao za mitihani, zilizopotea tangu mwaka juzi. Polisi walikuwa wamewajibu kwa risasi. Ile iliyomlenga Clifford ilimfuata, ikafika saa mbili na dakika kumi na mbili, ikabisha hodi.

Daktari Kemuma alifungua mlango kidogo, akaiangalia juu ya miwani.

"Umechelewa. Ngoja nje."

Akafunga. Kupitia kioo cha mlango wanafunzi waliiona ikisimama hewani, usawa wa kifua, ikizunguka polepole. Baadaye akaja askari aliyeifyatua. Naye akaambiwa amechelewa, akapanga foleni nyuma ya risasi yake.

Saa nne, kipindi kilipopaswa kuisha, Lynnet wa dawati la mbele aliinua mkono.

"Madam, ile kitu bado iko hapo nje."

"Inangoja nani?"

"Clifford."

"Basi hatujamaliza."

Akafuta ubao, akaanza mada za muhula ujao. Clifford alikuwa mtoto pekee wa mama mchuuzi wa dagaa wa omena kule Mbita. Aliandika kila neno. Hakuwa amewahi kuipenda takwimu kiasi hicho.

Saa sita Ryoba, mwanafunzi mwenzao, alitoka mafichoni nyuma ya tangi la maji, akaja kubisha. Askari, ambaye kusimama kulishamchosha, akaanza kumpiga rungu. Darasa zima lilisikia mkono ukivunjika, kisha meno.

"Madam, nifungulie! Huyu ananiua!"

Daktari Kemuma alitazama saa yake. Ryoba alikuwa amechelewa kwa muda wa karibu saa nne. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumfungulia mchelewaji. Chaki ilimdondoka. Alimpenda yule kijana na ubishi wake; aliwapenda wote, ila hakuwahi kuwaambia.

"Clifford, kaa nyuma yangu," alisema, akafungua mlango.

Ryoba akaanguka ndani, mdomo umejaa damu. Risasi nayo ikaingia, kwani sheria ni msumeno: ukimfungulia mchelewaji mmoja, umewafungulia wote. Ilimwingia Daktari Kemuma kifuani, haikutoka. Damu iliruka hadi kwenye daftari la Lynnet.

"Ryoba," alisema akiwa sakafuni, "weka saini ya mahudhurio."

Ryoba aliweka kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ukining'inia. Daktari Kemuma akakata roho. Askari akaingia wa mwisho, akaomba radhi kwa kuchelewa.

Ripoti ya polisi ilisema mwalimu aliugua ghafla akifundisha. Alama hazijapatikana mpaka leo, na Clifford na wenzake wamerudi langoni. Mwalimu mpya wa takwimu ni mpole sana. Mlango wake huwa wazi, na yeyote anaruhusiwa kuingia saa yoyote.