Kizibo Namba Ishirini na Tisa

Aliyepanga kipindi cha hesabu kije baada ya chakula cha mchana hakuwa mtu mwenye huruma. Bati la paa limeshika moto, matumbo yameshiba, na macho ya watoto arobaini na wawili yameanza kwenda nyumbani kabla ya wenyewe. Mwalimu wa darasa la tano, ambaye watoto walimwita Mama Sufuri akiwa mbali, kwa ukarimu wake wa kuzigawa, alikuwa amepigana na usingizi huo miaka kumi na tisa. Alijaribu kufoka. Alijaribu kuwasimamisha. Aliwaimbisha hata jedwali la kuzidisha, wakaliimba lote huku wamesinzia. Kumbe binadamu anaweza kuimba saba mara sita naye amelala, we acha tu.

Muhula huo akaja na mpya. Alichukua chaki akachora njia ya hatua mia tatu, ikazunguka kuta tatu za darasa, mwisho wake zizi. Akakata maboksi, akatengeneza mbuzi mmoja na fisi mmoja mwenye meno mengi kuliko inavyostahili. Mbuzi ni darasa, fisi ni Mwalimu. Mbuzi alitangulizwa hatua ishirini. Jibu likiwa sahihi, mbuzi anasogea hatua moja. Likiwa kosa, fisi anasogea mbili. Mbuzi akifika zizini salama, Mwalimu ataruka kamba mbele ya shule nzima, na Mwalimu hakuwa mtu mwembamba. Fisi akimkamata, darasa litafanya hesabu mia moja za ziada.

Wa kujibu alipatikana kwa bahati. Kila mtoto alikuwa na kizibo chake cha soda kilichopakwa namba kwa rangi nyekundu, vyote ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Kila siku, Jumatatu hadi Alhamisi, Mwalimu alitikisa mkebe akatoa vizibo kumi, kipindi kikiisha akavirudisha. Kanuni moja waliitunga watoto wenyewe, wakiongozwa na yule mvulana wa dawati la mbele waliyemwita Wakili, maana hapiti penye ubishi akaacha kuingia: upande utakaoiba unarudi mwanzo wa njia. Mwalimu aliiandika ukutani kwa mkono wake.

Siku ya pili kikatoka kizibo cha ishirini na tisa. Mwenyewe alikuwa Kitinda, binti wa miaka kumi na moja, aliyeitwa hivyo kwao kwa kuwa ndiye kitindamimba. Kitinda ana kigugumizi. Kwenye daftari hana taabu na mtu, lakini mdomoni maneno hukwama kama ufunguo kwenye kitasa kibovu. Jibu lilikuwa kumi na nane. Akasimama, akaanza, "Ku-ku-ku," na mmoja aliyekaa dawati moja na Wakili akammalizia kwa kuwika kama jogoo. Darasa zima likacheka. Kitinda akaketi, jibu likabaki njiani, akaanza kupanga penseli zake mbili kama kwamba ndicho kilichomleta shuleni.

Mwalimu alimtoa nje yule jogoo, akafoka mpaka sauti ikapasuka, lakini moyo haukutulia. Watoto walipoondoka alikitoa kizibo cha ishirini na tisa mkebeni, akakitia kwenye pochi yake. Mwache mtoto wa watu apumzike, alijiambia. Aliona ametenda wema, na wala hakumwambia mtu.

Mchezo ukanoga. Usingizi ukahama darasa la tano, nadhani ulihamia la sita, maana la sita walianza kuchungulia madirishani kutaka kujua hao wa tano wanakula nini. Kwa kuwa hakuna aliyejua namba ya nani itatoka, wanaojua walianza kuwafundisha wasiojua wakati wa mapumziko, wengine kwa upole, wengine kwa makofi ya kisogoni. Mwalimu mkuu alipita mara mbili akajifanya anatafuta ufunguo. Na kila siku Kitinda alikaa ukingoni mwa benchi, macho kwenye mkebe, mpaka kizibo cha kumi kitoke. Anaogopa masikini, Mwalimu aliwaza, nimemwokoa.

Baada ya wiki tano, Jumamosi moja, Mwalimu akaenda kusuka. Msusi wake ndiye mama yake Kitinda, mwenye saluni ya chumba kimoja, kioo kimoja, na mikono isiyojua kuchoka. Mwalimu aliketi chini kwenye kigoda, msusi juu yake kwenye kiti, kitana kikaanza kazi.

"Mwalimu, huyu mtoto wangu mmempa nini huko?" msusi aliuliza.

"Kwani amefanyaje?"

"Kila jioni yuko nyuma anafua taulo, anaongea na ukuta. Anajiuliza swali la hesabu, anajijibu kwa sauti. Likikwama analirudia, likikwama analirudia. Nilidhani ameniharibikia akili. Ananiambia, mama, siku namba yangu ikitoka sikai chini mpaka nimalize."

Mwalimu alitaka kugeuka. Msusi akakirudisha kichwa mahali pake. "Tulia, utanipinda mstari. Sasa hiyo bahati yake, mh, sijui ameirithi kwa nani. Wiki tano haijatoka. Hebu niambie, huo mkebe mnautikisa vizuri?"

Jamani, sehemu mbaya za kuulizwa swali ni nyingi, lakini hakuna inayoishinda hiyo: kichwa chako kiko katikati ya magoti ya mama wa mtoto, nywele zako ziko mkononi mwake, na ushahidi uko mapajani kwako ndani ya pochi. "Tunautikisa," alisema Mwalimu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Huyu aliyekuwa akimla Kitinda alikuwa amekaa hapo anasukwa.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, Kitinda akaingia na taulo zilizokauka. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Kitinda aliziweka taulo, akatoa daftari kwenye rafu ya mafuta, akalifungua mbele ya Mwalimu. Kulikuwa na namba moja hadi arobaini na mbili, na mbele ya kila namba vijiti, kijiti kimoja kwa kila mara iliyotoka mkebeni. Mia mbili jumla. Wengi walikuwa na vinne, vitano, wengine saba. Aliyetoka mara chache alikuwa na viwili. Ishirini na tisa ilikuwa na kimoja, cha ile siku ya pili.

"Mw-Mwalimu, naomba Ju-Jumatatu nihesabu vizibo."

"Utahesabu," Mwalimu alisema. Angesema nini kingine?

Jumapili alimweleza mumewe, fundi saa aliyestaafu, mtu wa maneno machache na suluhisho fupi. "Kirudishe kimyakimya, mama watoto," mzee alisema. "Atahesabu, atakuta vimetimia, yameisha. Kwa nini ujivue nguo mbele ya watoto?" Mwalimu aliona hilo ni neno. Siku za mwizi ni arobaini. Zake zilikuwa hazijafika, na alidhani ameziwahi. Jumatatu alifika kabla ya mlinzi kufungua geti, akakitumbukiza kizibo mkebeni.

Kipindi kilipoanza akasema kwa sauti ya kawaida, "Kitinda ameomba kuhesabu vizibo. Njoo, mama."

Kitinda akavimwaga mezani. Alivipanga kumi kumi, pole pole, bila kutoa sauti. Alipofika ishirini na tisa alisimama. Vizibo vingine vyote vilikuwa vimechubuka, rangi imefifia kwa wiki tano za kutikiswa na kushikwa na mikono yenye jasho. Hicho kilikuwa kinang'aa, namba nyekundu kama imepakwa jana. Alikigeuza juu, akakigeuza chini. Kisha akamtazama Mwalimu, na Mwalimu akajua kwamba ameshajua.

Angeweza kusema. Ushahidi ulikuwa kiganjani mwake na darasa zima linatazama. Lakini alikichanganya na wenzake haraka, kabla Wakili hajachungulia. "Vi-vimetimia, Mwalimu," alisema, akarudi kuketi, akalifunga daftari lake la vijiti na kulisukuma ndani kabisa ya dawati.

Mwalimu alisimama na mkebe mkononi. Katika umri wake wa miaka hamsini na miwili alikuwa amefokewa, amesengenywa, amenyimwa cheo mara tatu, yote akayameza. Hili halikumezeka. Mtoto alimwona hawezi kuubeba ukweli, akambebea. Alihurumiwa, na huruma ile ilimchoma kifuani, ndipo akajua alikuwa akimlisha Kitinda nini kwa wiki tano. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Wekeni kalamu chini," alisema. "Kuna mtu ameiba katika mchezo huu."

Vichwa vikaanza kutafutana.

"Acheni kutazamana. Ni mimi. Kizibo cha Kitinda nilikitoa siku ya pili, nikakirudisha leo asubuhi. Wiki zote hizo alikuwa akingoja kitu ambacho hakimo."

Wakili akasimama taratibu, maana hata yeye aliona kesi hii ni kubwa. "Mwalimu, kuna kanuni."

"Naijua kanuni." Alikwenda ukutani, akambandua fisi kwenye hatua ya mia moja, akambeba mpaka mlangoni, akambandika mwanzo kabisa. Hakuna aliyeshangilia.

Wakili alikuwa bado amesimama. "Lakini Mwalimu, uliiba ili upate nini? Kizibo hakikukupa hata hatua moja."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Mwalimu alimtazama Kitinda. Hakutaka kulisema mbele ya watu, ila alikuwa ameshachoka kumchagulia yule mtoto cha kusikia. "Niliogopa atakwama tena."

Kitinda akasimama, hakuna aliyemwita. "Ni-ningekwama," alisema. "Na-nakwama kila siku. Si m-mngengoja tu?"

"Nisamehe, mwanangu," Mwalimu alisema.

Kitinda aliitikia kwa kichwa, akaketi. Siku hiyo namba yake haikutoka, wala Jumanne. Jumanne Mwalimu aliutikisa mkebe mpaka mkono ukauma, asije akadhaniwa.

Jumatano, swali la saba, kikatoka cha ishirini na tisa. Kitinda akasimama. Swali lilikuwa robo tatu ya arobaini ni ngapi. Alifunga macho, akafungua. "The-the-the," likakwama, akavuta pumzi, akaanza upya. Yule jogoo wa siku ile alifungua mdomo, Wakili akamkanyaga chini ya dawati, naye akaufunga. Walingoja. Nje gari lilipita, likapita na la pili. "Thela-thelathini," alisema Kitinda, na moyo wa Mwalimu ukaruka, "na m-mbili."

Kosa.

Mwalimu alijua ulimi wake ungeweza kufanya nini hapo. Angeweza kujifanya amesikia thelathini tu, akampigia makofi, na watoto wangemfuata. "Si hiyo," alisema. "Fisi anasogea mbili."

Darasa likaguna lote kwa pamoja. "Aa, Kitinda nawe, umetuponza," jogoo alisema kwa uchungu wa kweli. "Robo tatu ya arobaini hata la tatu wanaijua."

Kitinda akamgeukia, mikono kiunoni. "We-wewe juzi si ulisema nusu ya ha-hamsini ni the-thelathini? U-ulifukuzwa mchezoni?"

Alichukua muda kuimaliza, na aliimaliza. Watoto wakamcheka jogoo mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. Kitinda aliketi, akamvuta Wakili shati amwonyeshe alikosea wapi, uso umekunjamana kwa hasira ya mtu aliyekosa swali alilolijua. Mwalimu hakuwahi kumwona amenuna tangu amfahamu. Alifurahi mno, akasahau swali lililofuata ni lipi, ikabidi aulize.