Mguu wa Goti la Chuma

Mtaani walimwita Bi Pima, maana kwa miaka thelathini alishona nguo na utepe wa kupimia haukumtoka shingoni. Miaka mitatu baada ya kuwekewa goti la chuma, saratani ikamshika taya. Daktari wa upasuaji alimweleza kwamba upande wa kushoto utakatwa, na pengo litazibwa kwa mfupa wa mguu wake mwenyewe.

"Mguu upi?"

"Huohuo wa goti. Ule mwingine mishipa yake ya damu imeziba, hatuwezi kuugusa."

Bi Pima alilipapasa goti lake. "Daktari, uso wangu hauna wa kuutazama. Mguu ndio unaonipandisha ghorofa ya tatu."

Daktari hakucheka. Akamwonyesha picha: goti limekalia mfupa mnene, wao wangechukua kipande cha ule mwembamba wa pembeni, waziache ncha zake zote mbili ili goti na kifundo visilegee. Mishipa mitatu ya damu ilishuka hadi unyayoni, yote mizima: mmoja ungeondoka na mfupa, miwili ingebaki kuulisha mguu.

"Nisingeiona hii mitatu, nisingethubutu," alisema. "Lakini upasuaji hauachi kuwa na hatari. Nenda kafikiri, uzungumze na watu wako."

Watu wake walikuwa mpwa mmoja tu aliyeishi mbali, na simu yake iliita mpaka ikakatika. Bi Pima akatia sahihi peke yake.

Alipozinduka hakuweza kusema. Kila saa muuguzi alikuja na kifaa kidogo, akakiweka shavuni, wakasikiliza damu ikipita: shwa, shwa, shwa.

"Taya liko hai, mama. Na wewe je?"

Bi Pima aliinua kidole gumba. Tangu mumewe afariki, hakuna aliyemjulia hali mara nyingi hivyo.

Wiki ya tatu aliruhusiwa. Alipanda ngazi zake kwa mkongojo, akipumzika kila ghorofa, na goti halikumwangusha. Akafungua mlango, akaketi. Saa ikapita, hakuja mtu. Ikapita nyingine.

Asubuhi alipiga simu wodini.

"Kuna tatizo, mama?" muuguzi aliuliza.

"Hapana." Maneno bado yalikuwa mazito mdomoni. "Nilitaka kukwambia tu, taya linadunda."

Nyuma ya muuguzi vitanda vilisikika vikisukumwa. "Vizuri sana, mama. Ngoja kidogo, nakuja."

Bi Pima alingoja, simu sikioni, mpaka mtu mwingine huko wodini akapita na kuikata.