Tangazo la Mkwe

Karakana ya mabasi ya mji ilikuwa na mafundi kumi na wanne, na kumi na watatu kati yao walimwita yule mwanamke Mkwe. Wa kumi na nne alikuwa yeye mwenyewe. Alikuja pale na cheti cha umeme wa magari na miezi minane ya mafunzo ng'ambo, alikofundishwa mabasi yanayotembea kwa betri bila tone la dizeli. Lakini siku ya kwanza tu mtu mmoja alisema, "Mpisheni mkwe wa mzee," na cheti kikafia hapo hapo mlangoni. Fundi mkuu wa karakana alikuwa baba mzazi wa mumewe, na watu wa gereji hawana dogo.

Huyo baba mkwe naye jina lake halisi lilikuwa limesahaulika. Alikuwa Cheche. Ukimpelekea betri ya basi, hakuhangaika na vipimo. Alichukua spana yake namba kumi na saba, akailaza juu ya vichwa viwili vya betri, chanya na hasi, kwa muda wa kupepesa jicho. Cheche iliruka, naye akaitazama rangi yake kama daktari anavyotazama ulimi wa mgonjwa. Ikiwa ya bluu, alisema betri ina mwaka mzima. Ikiwa nyekundu, alisema kamwambieni mhasibu atafute nyingine. Miaka thelathini na moja hakukosea, na mafundi wote pale aliwafundisha yeye, kwa spana hiyo hiyo. Tuseme ukweli, hapakuwa na ubaya mkubwa. Betri ya basi la dizeli haina ubavu wa kumuua mtu. Itamuunguza kidole, atatukana kidogo, kisha ataendelea na kazi.

Ndipo yakaja mabasi matatu meupe ya umeme, ya majaribio ya miezi sita. Betri zake zilijaa kisanduku kizima nyuma ya basi, zimeunganishwa moja kwa nyingine mpaka zikafika volti mia sita. Mkwe alipokiona kile kisanduku, kisha akaiona ile spana imechomoza kwenye mfuko wa ovaroli ya mzee, alijua cheche ya pale haitakuwa ya kutazamwa rangi.

Sasa angesemaje? Tangu aolewe, miaka sita, hakuwahi kumpandishia baba mkwe wake sauti wala kumwambia hapana. Mzee akiingia sebuleni, yeye alipunguza redio na kusogeza kiti. Hata kumpa kikombe mkononi hakumpa. Alikiweka mezani, akarudi nyuma. Na leo asimame mbele ya mafundi waliofunzwa na mzee huyo, amwambie kwamba kitu kilichompa jina ndicho kitakachomzika? Mumewe, ambaye alimjua babaye na hakutaka ugomvi nyumbani, alimshauri aandike. Baba ni mtu wa kusoma, alisema, hakuna gazeti linalompita.

Basi Mkwe akaandika. Jumapili nzima aliimaliza kwa karatasi moja, akachana nne kabla ya kuridhika, na Jumatatu asubuhi akaibandika ukutani chini ya saa:

"Wazee wangu na ndugu zangu. Tafadhali tusiguse betri za mabasi mapya bila glavu na kipimo. Si salama sana. Samahani kwa usumbufu, na ahsanteni kwa ushirikiano wenu."

Mafundi waliusifu mwandiko. Dereva mmoja aliyeitwa Breki, kwa sababu hakuzipenda, alisema hati kama ile inafaa kwenye kadi ya harusi. Cheche alisimama mbele ya karatasi muda mrefu, miwani puani, akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake. Mkwe akashusha pumzi. Aliona kazi imekwisha.

Miezi ikapita, mabasi yakatembea, na hakuna aliyeguswa na lolote. Hatimaye ikatangazwa kwamba kamati ya usafiri ya mji itakuja kuuliza swali moja kubwa: je, karakana iko tayari kwa mabasi ya umeme? Fomu ingesainiwa na watu wawili, fundi mkuu na fundi umeme, yaani Mkwe. Wakisema ndiyo, yangeletwa mabasi arobaini. Wakisema hapana, mabasi yangepelekwa mji mwingine, na karakana ingebaki na mabasi yake ya dizeli, ambayo kumi na moja tu ndiyo yaliyokuwa bado yanatembea, tena kwa kusukumwa asubuhi. Kila mtu alijua maana yake. Karakana ingekufa taratibu, na Cheche, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, ndiye angefunga geti.

Siku moja kabla ya kamati kufika, mzee alimsubiri Mkwe karibu na bomba la maji. Hakuwa na mazoea ya kumsubiri. Alimwambia kwamba ameitunza karakana hii tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hataki kuondoka akiwa ameacha gofu.

"Kesho usiniangushe, mwanangu," alisema.

"Sawa, baba," akajibu Mkwe.

Kwa neno hilo fomu ilikuwa imeshasainiwa, ingawa kalamu ilikuwa bado mfukoni. Alijua ndani ya nafsi yake kwamba hawakuwa tayari. Kulikuwa na jozi moja ya glavu kwa mafundi kumi na wanne, na kipimo kimoja ambacho mtunza stoo alikifungia kabatini kana kwamba ni mahari ya binti yake. Lakini alijipa moyo kwamba mabasi yakishafika, vifaa navyo vitafuata. Tangazo si lipo? Si wote wamelisoma?

Asubuhi ya kamati, basi moja jeupe liligoma kuwaka. Mkwe hakutaka wageni walikute limelala. Akavaa glavu, akafungua kifuniko cha kisanduku cha nyuma, akaona vichwa vya betri vimejipanga uchi mbele yake, viking'aa. Alihitaji kipimo. Akafunga kamba kuzunguka sehemu ile ili mtu asisogee, akaenda stoo. Mtunza stoo alimtaka ajaze daftari kwanza. Alijaza. Mtunza stoo akasema tarehe haionekani vizuri. Akaiandika upya.

Aliporudi, kamba ilikuwa imefunguliwa.

Wageni watano walikuwa wamesimama nusu duara nyuma ya basi, wakiongozwa na mama mmoja wa makamo aliyekumbatia faili, na Cheche katikati yao, kifua mbele, akieleza. Ni yeye aliyeifungua kamba. Ilikuwa karakana yake, na wageni hawakaribishwi kwa kufungiwa kamba. Mafundi nao walikuwa wamejipanga pembeni, wamevaa ovaroli safi, wakimtazama mwalimu wao kwa fahari. Mmoja wa wageni aliuliza, kwa nia njema kabisa, mtu anajuaje kama betri kama hizi ni nzima au zimekufa.

Cheche akacheka. Akatia mkono mfukoni, akatoa spana namba kumi na saba.

Mkwe alikuwa hatua kama kumi na mbili kutoka pale. Alifungua mdomo apige ukelele, ukelele wa kumsimamisha kila mtu, na kilichotoka, Mungu amsamehe, kilikuwa sauti ndogo ya sebuleni:

"Samahani, baba. Tafadhali."

Mzee hakugeuka. Alinyanyua mkono wa kushoto kumwambia asubiri, wakubwa wanaongea. Mkono wa kulia ulikuwa unashuka.

Baadaye Mkwe hakukumbuka kukimbia. Alikumbuka tu kipimo kikianguka sakafuni, na bega lake likigonga ubavu wa baba mkwe wake kwa nguvu zote alizopewa. Mzee wa miaka hamsini na tisa alirushwa kando, akaanguka chali mbele ya wageni wake, kofia upande huu, miwani upande ule. Spana ilimtoka mkononi, ikaanguka yenyewe pale ilipokuwa ikienda.

Mlio haukuwa wa cheche. Ulikuwa mlipuko mmoja mkavu, na mwanga mweupe ulioyafuta macho ya watu wote. Mtu alipiga yowe. Mama wa faili alijikuta amekaa chini. Harufu ya chuma kilichoungua ikajaa, na vipande vidogo vyekundu vikatawanyika sakafuni vikiruka ruka. Mkwe aliwafokea watoke nje, wote, sasa hivi, na hapo sauti ilikuwa imepatikana, ilikuwa ikitoka bila kuombwa. Alimshika baba mkwe wake kwapani, akamburuta mpaka uani.

Walisimama juani wakisubiri moto. Moto haukuja, fyuzi ya ndani ilikuwa imekata. Mkwe alisubiri sana, akarudi na mtungi wa kuzimia moto na glavu mkononi, akatazama, kisha akatoka na kilichobaki cha spana. Kilikuwa kipande cha kushikia tu. Upande wa pili haukuvunjika wala kupinda, haukuwepo kabisa. Chuma cha unene wa kidole gumba kilikuwa kimekuwa moshi, na mkono wa mtu ungekuwa juu yake.

Watu walipigwa na butwaa mara mbili, wala hawakujua butwaa lipi ni kubwa: spana iliyotoweka, au mkwe aliyemwangusha baba mkwe wake chini hadharani. Breki, ambaye hakukosa neno hata msibani, siku hiyo alikosa. Mkwe mwenyewe alipiga magoti mbele ya mzee, akaanza kuomba radhi huku machozi yakimtiririka.

Cheche alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu. Nyusi zake zilikuwa zimeungua nusu. Alikuwa akikitazama kipande cha spana, akikigeuza huku na huku.

"Nilisoma tangazo lako," alisema.

Mkwe akajifuta machozi kwa kiganja.

"Nililisoma mara mbili. Nikalielewa. Nikasema, huyu binti ni mpole, anaogopa, acha tumheshimu." Akakinyanyua kile kipande. "Uliandika tafadhali. Uliandika si salama *sana*. Mwanangu, kitu cha kuua mtu kinaandikwaje tafadhali?"

Maneno yale Mkwe aliyatafuta Jumapili nzima. Aliyalainisha moja moja, akachana karatasi nne ili yasimuudhi mtu, na yalikuwa yamelainika kweli kweli, mpaka hayakumzuia mtu. Na kama mzee aliyaelewa hivyo, hao wengine waliyaelewaje?

Mama wa kamati alikuwa amejikung'uta vumbi na kufungua faili. Pengine alihitaji kitu cha kushika. Alisoma swali la kwanza kwa sauti, kwamba je, wafanyakazi wote wamesoma maelekezo ya usalama? Mafundi wakatazamana. Mikono ikapanda, yote kumi na mitatu, ukiwemo wa mzee. Mama akaweka alama ya vema.

"Msiishushe," alisema Mkwe.

Alikuwa ameinuka. Magoti ya suruali yake yalikuwa meupe kwa vumbi. Aliwatazama wanaume wale mmoja mmoja, wengine wa umri wa baba yake, na kwa mara ya kwanza hakutazama chini.

"Ambaye asingejaribu ile betri kwa spana, hata siku moja, ashushe mkono wake. Na asinidanganye."

Mtunza stoo hakuhesabiwa, yeye si fundi. Fundi wa tairi akashusha mkono. Mchomeleaji akashusha, akafikiri, akaupandisha tena. Mikono kumi na miwili ilibaki hewani. Fundi mmoja, mtu mzima wa kuaminika, alikiri taratibu kwamba juzi tu alitaka kujaribu, akiwa peke yake, ila bolti ya kifuniko ilikuwa imekaza na muda wa chakula ukafika. Alipomaliza kusema hivyo alikaa chini, akashika kichwa. Mkwe aliihesabu ile mikono, akairudia. Miezi sita alikuwa akilala usingizi mnono.

Akaichukua fomu mkononi mwa yule mama. Penye swali la mwisho, lile la kama karakana iko tayari, akaandika Hapana. Alitegemea mzee angeinua uso, akumbuke ombi lake la jana, ayaone mabasi arobaini yakienda mji mwingine. Mzee alinyoosha mkono tu, akaomba kalamu, akasaini chini ya neno lile bila kuvaa miwani.

"Mtakuwa tayari lini?" aliuliza mama wa kamati.

"Muulizeni yeye," alisema Cheche. "Mimi na hawa tutakuwa wanafunzi wake, kama atatutaka. Lakini kwanza atupe tangazo."

Mkwe akaenda stoo. Safari hii mtunza stoo hakutaja daftari. Mkwe alitoka na mkebe wa rangi nyekundu ya kuandikia namba za mabasi na brashi pana, akaibandua karatasi yake ya mwandiko wa harusi, akaandika juu ya ukuta wenyewe, herufi za urefu wa mkono: UKIGUSA UTAKUFA.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yake, kipande cha spana mkononi, mafundi wote wakiwa mlangoni.

"Niandike na mimi," alisema. "Wakiona mimi nimeandikwa, watajua si mzaha."

Miaka sita Mkwe hakuwahi kumwita kwa jina lolote ila baba. Rangi ikamdondokea kwenye kiatu. Kisha akapaka koma, na baada ya koma akaandika, kwa herufi kubwa zile zile: CHECHE.