Safari ya Mwisho ya Kichwa cha Radi

Mkewe alikiita kile kichwa cha treni "mke mwenzangu," na wala hakuwa anatania sana. Radi alikuwa dereva wake tangu kilipoletwa kipya, kikinuka rangi, kichwa cha umeme chenye kasi kuliko vyote relini. Na sheria ya shirika la reli ilikuwa kichwa kimoja, dereva mmoja. Mtoto akizaliwa, Radi yuko njiani. Mama mkwe akizikwa, Radi yuko njiani, eti nani mwingine angekiweza? Jamani, wanaume wengine!

Ila dunia haina adabu. Vikaja vichwa vipya, cha Radi kikanyang'anywa treni ya abiria, kikapewa mabehewa ya saruji. Mwishowe kikatupwa nyuma ya karakana, nyasi zikakiotea magurudumuni, na Radi mwenyewe akastaafishwa. Basi shirika lilipotangaza kukipeleka makumbusho, na kwamba dereva wa safari hiyo ya mwisho ni yeye, alimshika mkewe mkono.

"Utapanda na mimi kule mbele. Uone nilikuwa nafanya nini miaka yote ile."

Mke akanuna siku nzima, kisha akaenda kusuka nywele.

Asubuhi ya safari, fundi mkuu alimvuta Radi pembeni. Hakumtazama usoni.

"Kaka, mota hazimo. Tulishavichangia damu vile vipya." Ndivyo mafundi walivyosema wakifungua vyuma vya kichwa kizee ili kutibu vingine.

"Zote?"

"Haikubaki hata moja. Kuna kichwa cha dizeli huko nyuma ya mabehewa, ndicho kitakachosukuma. Bosi wa shirika kasema wewe kaa tu dirishani, upendeze."

Radi alitamani kumtukana Bosi palepale, mbele ya kamera za wanahabari aliowaalika. Lakini mkewe alikuwa ameshapanda, anampangusia kiti kwa upindo wa nguo yake mpya. Akameza mate machungu, akapanda.

Wakatoka stesheni kwa mwendo wa kinyonga. Watu walijaa kando ya reli wakishangilia. Mke alishika dirisha kwa mikono miwili, macho yamemtoka, anacheka peke yake. Radi hakukumbuka ni lini alimwona hivyo.

"Mbona pole pole? Ongeza, mume wangu. Hata kidogo, na mimi nionje."

"Tuko karibu na stesheni, hairuhusiwi."

Wakavuka daraja, reli ikanyooka uwandani.

"Na hapa je?"

Radi akaushika wenzo wa mwendo, akausukuma hadi mwisho. Ukaenda laini, bila uzito wowote. Treni ikaendelea vilevile, dizeli ikikohoa kule nyuma.

Mke akautazama mkono wa mumewe juu ya wenzo. Akachungulia nje, akaona moshi mweusi unafuka mkiani mwa treni. Uso wake ukarudi kuwa uleule wa nyumbani.

"Haya," akasema. "Wapungie watu mkono, wanakutazama."