Spana ya Gurudumu la Kushoto

Shangazi yangu ni fundi wa mapazia, na kinachomtofautisha na mafundi wenzake ni gari lake dogo la mizigo. Wenzake hupeleka kazi kwa wateja wakiwa na mabunda kichwani. Yeye hupiga honi getini. Honi yenyewe inakohoa, lakini ni honi.

Sasa gari lilikuwa limeinamia upande mmoja uani kwake, tairi la mbele la kushoto halina upepo, na mapazia ya hoteli nzima yamekunjwa sebuleni hadi usawa wa dirisha. Mgeni akija anakalia mapazia. Mimi nalalia mapazia. Mwenye hoteli alikuwa amepiga simu sana hivi kwamba Shangazi akisikia simu ya mtu yeyote inalia, hata ya jirani, anajibu, "Yako njiani!"

Tairi la akiba lilikuwepo, zima, limejaa. Shida ilikuwa nati. Nati za gurudumu lile zilikataa kabisa kufunguka.

Jirani mmoja alikuja kusaidia. Mtaani tunamwita Bwana Pole, kwa sababu hawezi kukusalimia bila kukupa pole, hata siku ya harusi yako. Ana magari mawili ya mizigo ya aina hiyo hiyo, kwa hiyo alikuja kama daktari bingwa. Alivua shati, akakanyaga ile spana ya zamani ya Shangazi, akatoa jasho, akatoa na maneno nisiyoweza kuyaandika, kisha akaketi chini.

"Pole sana, mama. Hizi nati zimekufa. Zimeshikana na bolti, sasa ni kitu kimoja. Hapa ni kukata kwa moto, na ukikata kwa moto umeharibu gurudumu zima na kinacholishika. Ningekuwa wewe ningeuza. Na kwa kuwa tunaishi vizuri, nitalichukua mimi hivyo hivyo lilivyo."

Kwa fundi wa magari Shangazi hataki hata kupita. Wa mwisho alikaa na gari hilo mpaka kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Basi akawaza, akauma uzi kwa meno, akamwambia Bwana Pole, "Kesho ukitoka kazini upite. Kama gurudumu litakuwa bado limeng'ang'ania, gari ni lako."

Asubuhi akanitoa juu ya mapazia.

"Amka, msomi. Tunakwenda kununua spana ya maana."

"Spana si tunayo?"

"Ile imechoka, imekuwa kijiko. Si ulisoma fizikia wewe? Leo ndiyo siku ya kunirudishia ada, hata kama ada alilipa baba yako."

Kabla ya kuondoka alizunguka upande wa kulia wa gari, akafungua nati moja ya gurudumu la mbele kwa ile ile spana-kijiko. Ikatoka kwa adabu kabisa. Akaitia kwenye mkoba. "Tutaipimia hii," alisema. "Mtu hanunui kiatu bila kwenda na mguu." Mimi nikashangaa kidogo: spana mbovu, upande wa kulia inafungua, upande wa kushoto haifungui. Nikajipa jibu mwenyewe. Ndugu wa gari moja wanaweza kutofautiana tabia.

Mwenye duka la vifaa huvaa koti jeupe kuzuia vumbi la saruji, kwa hiyo anaitwa Daktari. Alitandika mezani spana za magurudumu za kila aina: zinazong'aa kama kioo, nyeusi tupu, zenye mpira mwekundu mkononi, na moja ya msalaba ambayo Shangazi aliitazama kama imekosea nyumba.

"Nzuri ni ipi?" akauliza.

"Zote nzuri, mama."

"Mbaya ni ipi?"

"Mbaya sina."

"Basi funga duka, maana hujui unachouza."

Hapo ndipo wateja wengine walipojiteua kuwa kamati. Fundi bomba mmoja, aliyekuja kununua koki, akasema spana nzuri ni nzito, maana chuma kimejaa. Dereva wa teksi akasema hapana, nzito ni chuma cha hovyo kilichonenepeshwa. Chuma safi ni chepesi. Fundi bomba akasema mng'ao ndiyo dalili, kutu haikai. Dereva akasema mng'ao ni poda ya usoni, chini yake huoni nyufa. Wa kwanza akataka kichwa chenye kona sita, kinashika nati nzima nzima. Wa pili akataka kona kumi na mbili, unaingiza kwa pembe yoyote. Mama mmoja aliyekuja kununua misumari akasema mumewe huzigonga na kusikiliza sauti. Tukazigonga. Zote zililia. Daktari akachukua sumaku. Zote zikanata, na sumaku ikanata na saa ya Daktari.

Nikaona wakati wangu umefika. "Kwa mujibu wa fizikia," nikasema, "mkono mrefu hupunguza nguvu inayohitajika." Nikachukua ile ndefu, inayong'aa.

Shangazi alitoa nati mkobani, akaivalisha kwenye kichwa cha spana yangu, akaitikisa karibu na sikio.

"Inacheza."

"Inacheza kidogo tu, Shangazi."

"Nguo ikimcheza mteja kidogo tu, hurudi nayo. Lakini wewe ndiye msomi."

Tukainunua. Nyumbani nikaivika kwenye nati ya kwanza, mkono wake ukielekea kushoto kwangu, nikaukanyaga. Spana ikatoa sauti kama mtu anayefungua soda, kichwa chake kikapanuka kama mdomo wa aliyesikia umbea. Nati haikusogea hata unywele. Ila kona zake zilianza kulainika, nami moyo ukalainika nazo.

"Fizikia imesemaje?" Shangazi akauliza.

Tukarudi dukani. Nilimsema Daktari mbele ya wateja, nikamwambia ameuza spana ya udongo. Akasema mimi ndiye niliyeichagua kwa mujibu wa fizikia. Alikumbuka neno kwa neno. Ikabidi tubadilishe, tukaongeza na pesa juu yake.

Safari hii Shangazi alichagua mwenyewe. Hakugonga, hakupima uzito. Alipitisha kidole ndani ya kichwa cha kila spana akitafuta makovu. Akatazama mahali kichwa kinapoungana na mkono. Zilizochomelewa akaziweka kando, akabakiza zilizofuliwa kwa kipande kimoja. Kisha akavalisha nati. Moja nyeusi, nene, isiyopendeza hata kidogo, iliishika nati ikakaa kimya. Akaigeuza chini juu, nati haikudondoka.

"Hii," akasema.

"Hii haina hata rangi," nikasema.

"Na wewe je, una rangi?"

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka tulipochuchumaa tena uani. Nikavika spana nyeusi, mkono kushoto, nikakanyaga. Kimya. Nikaruka juu yake kwa miguu miwili. Spana haikupinda, haikuteleza. Mimi ndiye niliyeteleza. Tukachomeka bomba la chuma kuurefusha mkono, tukaning'inia wote wawili, mimi na dada mkubwa wa baba yangu, kama watoto kwenye bembea. Bolti ikalia kwa uchungu, wiii. Nati ikabaki pale pale, au niseme ilizidi kukumbatia gari.

Sasa nilichanganyikiwa kwelikweli. Spana mbaya haifungui. Spana nzuri haifungui. Basi uzuri wa spana ni nini? Labda Bwana Pole ni mkweli, zimekufa. Shangazi alitazama gari, akatazama njia. Bwana Pole alikuwa karibu kutoka kazini.

"Jaribu la mwisho," nikasema. "Kukanyaga kumeshindikana, nitainua, kama mtu anavyoinua gunia." Nikatoa bomba, nikaigeuza spana, mkono wake sasa ukaelekea kulia kwangu, ili niupandishe juu. Ni kufungua kule kule, ila kwa mgongo badala ya miguu. Nikaenda kutafuta kitambaa cha kushikia.

Nyuma yangu nikasikia KRAK.

Nikageuka. Shangazi alikuwa amesimama juu ya spana kwa mguu mmoja, mkono wa spana umefika chini, naye anatazama nati kama mtu aliyekanyaga paka.

"Shangazi! Umefunga! Huko ni kufunga! Nilitaka kuinua, wewe umekanyaga!"

"Hukusema. Nimeona spana imetulia, nikasaidia."

"Sasa umeikaza maradufu!"

Aliinama, akaishika nati kwa vidole viwili. Ikazunguka. Akaendelea kuizungusha, kuelekea kulia, ule upande ambao kila kifuniko na kila bomba la maji hufungwa, na nati ikatoka nje taratibu mpaka ikamdondokea kiganjani.

"Nimeifunga sana, eti?" akasema.

Nilikimbia kwenye gurudumu la kulia, nikairudisha ile nati ya mkobani, nikaijaribu: kushoto inafunguka, kulia inafunga, kama dunia ilivyoumbwa. Nikarudi kwenye gurudumu la kushoto: kulia inafunguka, kushoto inafunga. Nikaenda tena. Nikarudi tena. Nilizunguka lile gari mpaka Shangazi akaniambia nitachimba mfereji. Gari moja, sheria mbili! Kumbe muda wote tulikuwa tunazikaza, na kadiri spana ilivyokuwa bora, ndivyo tulivyozikaza vizuri zaidi. Na ile spana ya kwanza, niliyomtukania Daktari wa watu, sijui ilikuwa mbovu kweli au tuliionea. Hata sasa sijui.

Nilifungua nati zote kwa dakika chache. Nilikuwa tayari nimeshaweka jaki nilipomwona Shangazi hacheki.

"Bwana Pole alipojaribu," akaniuliza, "alikanyaga upande gani?"

"Upande wetu. Wa kushoto."

"Na yeye ana magari mangapi ya namna hii?"

"Mawili."

"Rudisha nati. Zikaze kiasi, kama zilivyokuwa kiwandani. Toa jaki, na tairi la akiba lirudishe lilikokuwa."

"Shangazi, mwenye hoteli..."

"Rudisha, mwanangu."

Nikarudisha. Kama kuna kazi nimewahi kuifanya bila kuelewa, ni ile. Nilihisi kama nimevua kanzu nikaambiwa nivae tena nikaoge. Nilimaliza nikinung'unika, naye akakaa kizingitini, akashika sindano, akaendelea kupindia pazia kana kwamba siku nzima hajatoka ndani.

Bwana Pole akaingia na mtu wake wa kuvuta gari.

"Poleni na kazi, jamani. Vipi, mama?"

"Tumeshindwa, jirani," Shangazi alisema, sauti imelegea hadi nikataka kumshika mkono. "Tumenunua hadi spana mpya, wapi. Neno langu ni lile lile. Gari ni lako. Karatasi tutaandikiana ndani, ila kwanza ondoa tairi hilo, usije ukalivuta likanikwangulia ua wangu."

"Pole sana," Bwana Pole akasema, na tabasamu likamtoka kabla hajalizuia. Alichukua spana nyeusi, akaipima mkononi. "Spana nzuri hii! Mmechagua vizuri." Akachuchumaa, akaivika kwenye nati, mkono wa spana ukaelekea kulia. Hakuuliza. Hakujaribu kushoto kwanza. Alikanyaga mara moja, nati ikalegea, akahamia ya pili.

Kwenye ya tatu ndipo alipohisi anatazamwa. Alinyanyua uso. Mtu wake wa kuvuta gari alikuwa anamtazama yeye. Mimi nilikuwa natazama mguu wake. Shangazi alikuwa amechomeka sindano kwenye pazia.

"Jana ulikanyaga huku, jirani," Shangazi alisema, akionyesha kushoto kwa kidevu. "Kwa nguvu zako zote."

Bwana Pole alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na pole ya kumpa mtu.

"Jana... jana nilichanganya..."

"Endelea tu, umeshaanza vizuri. Jaki hiyo hapo. Tairi la akiba liko nyuma, limejaa upepo. Ukimaliza kulifunga, huyu msomi atakusaidia kupakia mapazia."

Nilidhani ataitupa spana aondoke. Mtu wake wa kuvuta gari tayari alishageuka, anaelekea getini akijichekea. Lakini Bwana Pole aliinama, akafungua ya tatu, ya nne, zote, akapachika lile tairi zima, akalikaza, kushoto safari hii, huku masikio yamemwiva. Tulipomaliza kupakia mapazia, jasho lilikuwa linamtoka la kweli. Nami nikabaki nimesimama na birika, sijui kama nimmiminie maji anawe mikono au nimwache aende hivyo hivyo.

"Mmiminie," Shangazi akasema kutoka ndani ya gari. "Kisha panda. Mwenye hoteli anapiga simu."

Akapiga honi. Ikakohoa.